Kuhamia Unguja au Pemba na vyombo vya nyumba: kuanzia orodha ya maboksi hadi kurudisha kontena tupu

Mzigo wa kuhama ukikwama Malindi, bandari ya Unguja, kosa huwa limeshafanyika Maskati, Dubai au London siku ulipofungwa. Mtu amechanganya vyombo vyake na zawadi za ukoo mzima, ameandika jina la kaka yake kwenye hati ya meli kwa kuwa kaka ndiye aliyeko Unguja, kisha kontena limefika wiki sita kabla yeye mwenyewe hajakata tiketi. Yote haya yanaepukika, tena bila gharama, ila lazima yashughulikiwe kabla mlango wa kontena haujafungwa.

Msamaha wa ushuru

Forodha ni jambo la Muungano, kwa hiyo mzigo unaoshuka Zanzibar unapitia Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Ile ya Zanzibar, ZRA, ni ya kodi za ndani, usipoteze asubuhi huko. Sheria inayotumika ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na kinachomhusu anayehama kimo katika Jedwali la Tano. Anayekuja kuishi kwa mara ya kwanza, au mkaazi anayerejea moja kwa moja, anaweza kuingiza bila ushuru nguo zake, vitu vyake binafsi na vyombo vya nyumba alivyokuwa akivitumia kule alikotoka. Awe ametimiza miaka 18, na afisa aridhike kwamba anahama kweli, si mtu aliyekuja likizo na kontena.

Thamani ya msamaha huu utaiona ukitazama fenicha. Tangu Julai 2022 kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki kwa fenicha ni 35%, na hesabu yake hufanywa juu ya bei ya kitu ukijumlisha bima na nauli ya meli. Seti ya sofa na vitanda vitatu vikipoteza msamaha, ushuru wake unaweza kukaribia bei ya kununua vipya kwa mafundi wa hapa.

Sharti linalowaponyoka watu ni la muda. Mzigo usiofuatana na msafiri uingie ndani ya siku 90 tangu mwenyewe alipofika. Kamishna anaweza kuongeza, lakini si zaidi ya siku 360 tangu siku hiyo ya kufika. Kinachohesabiwa ni muhuri wa pasipoti yako, si tarehe meli ilipong'oa nanga. Kontena likikutangulia, huna muhuri wa kumwonesha afisa, na linakaa bandarini likila gharama za uhifadhi kila siku. Mpango mzuri ni wewe kutangulia, mzigo ufike wiki mbili hadi nne baadaye. Meli za Ghuba mara nyingi hupakulia Mombasa au Dar es Salaam na mzigo ukahamishiwa meli ndogo, kwa hiyo tarehe uliyopewa na wakala wa kule iongezee wiki mbili kabla ya kupanga lolote.

Gari linaruhusiwa moja, uwe umelimiliki na kulitumia nje kwa miezi 12 kamili bila kuhesabu safari ya meli. Basi la zaidi ya abiria 13 au gari la mzigo la zaidi ya tani 2 halimo. Kutoka Omani au Imarati usukani uko kushoto, na barabara zetu tunaendesha kushoto: kulipita lori njia ya Mkoani kwenda Chake Chake ukiwa na usukani upande huo ni kutoona mbele. Wengi wangefanya vizuri kuliuza huko huko.

Zawadi na majora

Jedwali hilo hilo linataja vitu visivyosamehewa hata vikiwa katikati ya vyombo vyako: pombe, tumbaku, manukato ya spiriti, vitambaa vya jora, na bidhaa yoyote ya kuuza au ya kuwapa watu wengine. Hapa ndipo mizigo ya Wazanzibari inapoharibika. Mtu anarudi baada ya miaka kumi na tano, hawezi kuja mikono mitupu, basi anaweka majora manne ya kitambaa cha harusi ya mpwa wake, mashine kumi za kupikia wali na katoni mbili za manukato. Afisa akifungua boksi la kwanza akakuta mashine kumi zenye plastiki zake, hana sababu ya kuamini kwamba sofa lililo nyuma ni la kwako.

Ukitaka kuleta zawadi, leta, lakini zitenge. Ziwe na maboksi yake, orodha yake na risiti zake, na wakala azitangaze kama vitu vya kulipiwa. Utalipia mashine kumi, msamaha wa nyumba nzima ubaki salama. Kitambaa kilichokwisha kushonwa ni nguo, kilichokunjwa ni jora. Manukato unayoyatumia yapite nawe uwanja wa ndege: msafiri anaruhusiwa manukato na maji ya manukato jumla nusu lita, na ndani ya hiyo manukato yenyewe yasizidi robo lita.

Miche ya mitende iacheni. Mche au mbegu yoyote inahitaji cheti cha afya ya mimea, na mitende ya Ghuba ina fukusi mwekundu ambaye hula pia mnazi. Kisiwa chenye minazi kama chetu hakihitaji mgeni huyo.

Orodha

Orodha ya vitu ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayoandikwa kwa uvivu kuliko zote. Mstari unaosema "vyombo vya jikoni, maboksi 5" haumsaidii mtu. Mstari mzuri uko hivi: "Boksi 14: sufuria 6 za alumini, birika 1, mabakuli 12 ya udongo, mashine ya kusagia 1, vyote vimetumika," na mbele yake thamani ya leo ya vitu hivyo, si bei ya dukani ya siku vilipokuwa vipya na wala si sifuri. Vitu vya umeme viandikie chapa na namba ya mtambo. Namba ya boksi iandikwe juu na pande mbili kwa kalamu isiyofutika, maana boksi lenye namba upande mmoja siku zote hupangwa likiangalia ukuta.

Nyaraka za kuandamana nayo ni pasipoti, kibali cha ukaazi cha nchi unayotoka, barua ya mwisho wa kazi au ya kufunga mkataba wa nyumba, na barua ya ubalozi inayosema unarejea au unahamia moja kwa moja. Kadi ya ukaazi ya Ghuba huchukuliwa unapofutiwa ukaazi, kwa hiyo itoe nakala pande zote mbili kabla hujaikabidhi. Karatasi za Kiarabu zitafsiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Utahitaji pia namba ya mlipakodi, TIN, kwa jina lako. Asiye Mtanzania aongeze kibali chake cha kuishi nchini.

Kisha hati ya meli, ambayo mawakala huiita BL. Jina la mpokeaji liwe lako, herufi kwa herufi kama pasipoti. "Mohamed" kwenye pasipoti na "Mohammed" kwenye BL ni barua mbili tatu za kurekebisha na siku kadhaa za gharama. Mwisho wa safari uandikwe Zanzibar. Ikiandikwa Dar es Salaam, mzigo utataka kutolewa Dar, na kuuvusha baadaye ni kazi nyingine kabisa. Lakiri ikishafungwa mlangoni, ipige picha na uhakikishe namba yake ndiyo iliyo kwenye hati.

Kupakia

Kontena la futi 20 ndani lina urefu wa mita 5.9, upana mita 2.35, na ujazo wa mita za ujazo 33 kwenye karatasi. Vyombo vya nyumba havikai kama matofali. Hesabu 26 hadi 28. Hiyo inatosha nyumba ya vyumba vitatu. Ukiwa na chini ya mita za ujazo 10 hivi, kuchangia kontena ni nafuu, ila ujue kwamba karatasi mbovu za mwenzako mmoja zinaweza kuuzuia mzigo wenu wote.

Vizito viwe chini na vigawanywe sawasawa kwenye sakafu nzima. Vitabu vitiwe maboksi madogo. Mlangoni weka vitu vya kulipiwa na vya umeme, ili afisa avione bila kushusha kila kitu. Usiku kontena hupoa na mvuke hudondoka kutoka darini, kwa hiyo ning'iniza vifuko vya kunyonya unyevu, funga magodoro kwa plastiki yakiwa makavu kabisa, na usiweke mbao mbichi. Mapaleti yawe na muhuri wa IPPC, alama ya kwamba mbao zake zimetibiwa dhidi ya wadudu.

Friji ulizime siku mbili kabla, ulikaushe, mlango uubanie kitambaa usijifunge, na lisafiri wima. Lile la zamani sana lenye gesi ya R12, iliyoandikwa kwenye kibati cha nyuma, usilibebe: gesi hiyo imepigwa marufuku duniani.

Mashine ya kufulia inahitaji maelezo zaidi kwa kuwa ndiyo inayokufa zaidi njiani. Nyuma yake kuna matundu matatu au manne ambamo ilikuja na bolti ndefu za kulishika pipa. Pipa linaning'inia kwa springi. Bila bolti hizo, siku kumi za mawimbi zinalipiga pipa huku na huku mpaka springi zinachomoka au vishikio vinavunjika. Kama bolti zimepotea, nunua za aina hiyo hiyo. Sponji ndani ya mlango hazizuii kitu. Na ukifika zitoe bolti kabla ya kuiwasha mashine, la sivyo itatembea chumba kizima.

Mtungi wa gesi usipande melini, hata ukiwa mtupu.

Kuhusu umeme, wetu ni volti 230 na hetsi 50. Vya Omani, Imarati na Uingereza vinaingia moja kwa moja, hata plagi ya pini tatu bapa ni ile ile. Saudia ni volti hizo hizo lakini hetsi 60: mota za feni, friji na viyoyozi vya huko zikija hapa huzunguka polepole na kupata moto. Vya Marekani vya volti 120 viuzeni huko.

Malindi

Wakala wa forodha umtafute mapema na umpe nakala ya BL, orodha na pasipoti meli ikiwa bado njiani. Yeye hupeleka maombi ya msamaha pamoja na tamko la forodha. Muulize bei yake kwa maandishi, na ndani yake mtenganishe ujira wake na malipo anayokulipia. Msamaha ni wa ushuru tu: tozo za bandari, gharama za wakala wa meli, ujira na lori unalipa mwenyewe.

Siku ya ukaguzi uwepo, na funguo za kila sanduku mfukoni. Afisa atachagua maboksi machache na kuyalinganisha na orodha. Yakioana mara tatu nne, kazi huwa fupi. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, njoo na turubai, kwani kontena lililo wazi halisubiri mvua ikatike.

Nyumba yako ikiwa Mji Mkongwe, pima ngazi kabla hujasafirisha chochote. Lori litaishia barabara kubwa, kutoka hapo ni mikokoteni na wachukuzi, na ngazi za nyumba za zamani ni nyembamba zenye kona kali. Sofa la watu watatu lisilofunguka haliingii. Litapandishwa kwa kamba kupitia roshani, ikiwa roshani ipo na jirani kakubali. Makabati yafunguliwe vipande, skrubu zake zitiwe mfuko mmoja na kugandishwa ndani ya mlango wa kabati lenyewe.

Wa Pemba mzigo wao mara nyingi hutolewa Malindi kwanza, kisha hupanda chombo cha ndani hadi Mkoani au Wete. Maboksi ya Pemba yatieni rangi moja tangu mwanzo, na mtu anayefuatana nayo abebe nakala ya hati ya kutolea mzigo, maana ataulizwa. Epukeni kilele cha kusi, Juni hadi Agosti, kwa vitu vya kuvunjika, na chagueni chombo cha mizigo badala ya kuyabandika juu ya boti ya abiria. Meli ya Spice Islander ilizama njia hiyo Septemba 2011 ikiwa imejazwa kupita kiasi.

Kontena tupu lina siku zake za kurudishwa, na wakala wa meli kwa kawaida anashika amana yako mpaka lirudi safi na bila tundu. Lipigeni picha ndani na nje kabla lori halijaondoka nalo, mwambie dereva arudi na risiti ya kupokelewa, na uidai amana wiki hiyo hiyo kwa barua iliyoambatishwa risiti hiyo.