Kabla hujampumzisha mtoto dawa za ADHD

Shule zikikaribia kufunga Novemba, wazazi wengi tunawaza lilelile: mtoto mwenye ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kuwa makini) apumzike dawa zinazomkosesha hamu ya kula, ale ashibe, ajaze mashavu kabla ya Januari. Si wazo baya. Ila zungumza na daktari wake mapema, si kumpigia simu mkiwa tayari ndani ya basi la kwenda kwa nyanya.

Mpime uzito na urefu siku mnayoacha, uandike.

Siku za mwanzo huenda akalala sana, akala kama aliyefunga, na akakasirika upesi. Usijaze wageni nyumbani siku hizo. Methilifenideti, dawa ya ADHD inayotumiwa sana, ile ya kawaida isiyo ya kutoka polepole mwilini, huisha nguvu kwa saa 4 hivi, kwa hiyo kesho yake tu unaye mtoto asiye na dawa: wa kuparamia mwembe na kuvuka barabara bila kutazama. Macho yawe kwake.

Sasa hili lisome mara mbili. Kagua dawa ZOTE anazomeza. Mwanangu alikuwa na methilifenideti asubuhi na klonidini usiku ili apate usingizi. Mimi kwa akili zangu nikasema likizo ni likizo, nikafungia vyote viwili kabatini. Usiku wa pili akaja chumbani kwangu amelowa jasho, kashika kichwa. "Mama, moyo unakimbia." Nikadhani malaria. Nikampa panadoli, nikamkanda kwa kitambaa cha maji, nikangoja kukuche. Kliniki, muuguzi alimfunga mkanda wa presha, akatazama, akaufungua, akamfunga mkono wa pili. Daktari hakuuliza habari ya homa. Aliuliza, "Umemwachisha nini?"

Klonidini ni dawa ya presha tangu asili. Ukiikata ghafla, presha yaweza kupanda vibaya. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari. Guanfasini, dawa nyingine ya ADHD, vilevile. Na atomoksetini, nayo ya ADHD, haifai kuachwa wikendi na kurudiwa Jumatatu, maana huchukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Kurudi nako kuna mambo. Muulize daktari kama mwanze siku chache kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu kukosa hamu ya kula na kuumwa kichwa huweza kurudi. Uji mzito kabla ya kidonge. Soda za kola punguza. Vidonge vilivyobaki vifungie kwa ufunguo, asipewe binamu mwenye mtihani. Na akianza kujitenga au kulialia bila sababu, msingoje likizo iishe. Mrudisheni kwa daktari hata kama ni mkesha wa Krismasi.