Epi ya mwisho ya Escobar: namna ya kuiangalia na ukoo mzima Moshi Desemba hii

Desemba ikifika Moshi inajaa, mabasi yanashusha watu kutoka Dar usiku na mchana, huko Kibosho, Machame, Marangu, Rombo kila nyumba ina wageni, na watu wakishakula wanabaki sebuleni na TV. Hapo ndo anatokea mtu anasema jamani tumebakiza epi moja ya Narcos, ile tamthilia ya Netflix ya muuza unga Pablo Escobar, tuimalize leo. Sasa wadau, kuiangalia ile epi na washkaji geto ni kitu kimoja, kuiangalia na bibi, shangazi, baba mdogo na wapwa wa form three ni kitu kingine kabisa. Ukiiweka tu bila kujipanga nusu watasinzia, nusu watauliza huyo nani tena, na madogo watanyanyuka pale wakimuona Escobar ni shujaa, na hii ya madogo ndo inaniuma zaidi, maana tisheti zenye sura yake ukipita soko la Memorial unazikuta na vijana wanazivaa bila kujua yule jamaa alifanya nini.

Tuelewane kwanza, naongelea sizoni ya 2, epi ya 10, ile iliyotoka Septemba 2016. Narcos haikuishia pale, sizoni ya 3 ilikuja 2017 na ni habari ya Cali, kundi la wauza unga wa mji wa Cali waliokuwa mahasimu wa Escobar, afu ikaja ile ya Meksiko, ila kwa Escobar pale ndo mwisho.

Maandalizi ya mitambo ni madogo. Kama TV ni smati na unatumia hotspoti ya simu, ingia kwenye akaunti yako ya Netflix, sehemu ya mipangilio ya pleibaki, uweke ubora wa kati, hapo inakula kama GB 0.7 kwa saa, ukiiacha kwenye ubora wa juu inaweza kufika GB 3 kwa saa na bando litakata katikati ya tukio. Epi yenyewe ni karibu saa nzima. Ukiwa humo humo kwenye akaunti ongeza ukubwa wa sabtaito, wazee wanaokaa kochi la nyuma wasome bila kukunja macho. Pia ipakue mapema kwenye simu au tableti ikae tu, umeme ukikatika mnamalizia hapo na spika ndogo ya bluetooth, sio kama TV lakini mnamaliza.

Watoto wadogo wakalale, hii ni ya 18 na kuendelea na ina damu na matusi ya kutosha. Hao wa form three na form four mkiamua wakae basi wakae karibu na mtu mzima anayejua story, na rimoti ashike mtu mmoja tu, asiwe na aibu ya kusogeza mbele ikitokea picha ya kitandani mbele ya mama mkwe.

Haya, kazi yenyewe iko kwenye dakika kumi kabla hujabonyeza plei, hapo usiparuke. Wengi wanaokaa pale hawajaona epi zote, mwingine aliona tatu za mwanzo mwaka juzi, kwa hiyo wape story kwa mdomo, kwa lugha ya nyumbani. Mwambie bibi hivi: kulikuwa na mtu Kolombia, mji wa Medellín, alitajirika kwa kusafirisha kokeini kwenda Marekani, akajenga nyumba za maskini na viwanja vya mpira ndo maana wapo waliomlilia, lakini huyo huyo alikuwa anaua mapolisi, majaji, waandishi wa habari na yeyote aliyesimama njiani. Mwaka 1989 mwezi wa nane watu wake walimpiga risasi Luis Carlos Galán, mgombea urais, akiwa kwenye mkutano wa kampeni. Mwaka huo huo, Novemba 27, wakalipua ndege ya Avianca iliyokuwa inatoka Bogotá kwenda Cali, watu 107 waliokuwemo wakafa wote, na chini kwenye ardhi wakafa wengine watatu. Waliyekuwa wanamlenga, César Gaviria, hakupanda ile ndege, na ndiye aliyekuja kuwa rais.

Hiyo ya ndege iseme kabla, usisubiri baada. Baada ya epi watu wanasimama, wanatafuta viatu, wanaenda kuangalia chai, hakuna atakayekusikiliza. Na sababu kubwa ni kwamba hii epi imetengenezwa umuonee huruma. Escobar amebaki peke yake na dereva wake Limón, ana ndevu, kanenepa, kachoka, hana pesa ya kutapanya, anatembea mtaani kwenye mji uliokuwa wake na hakuna anayemtambua. Wagner Moura anaicheza vizuri mno, na yule jamaa ni Mbrazili, lugha yake ni Kireno, Kihispania alienda kujifunza Medellín kwa ajili ya kazi hii. Ukikaa pale bila kujua habari za ile ndege utatoka na huruma tupu. Ukijua, huruma inakuja bado, wala sio dhambi, ila inakaa pamoja na wale 107, na hapo ndo epi inakuwa nzito kweli.

Upande wa tafsiri, chagua mtu mmoja tu akae pembeni ya bibi. Wakiwa watatu wanatafsiri kila mtu na lake mtagombana. Sehemu kubwa wanaongea Kihispania na sabtaito ni za Kiingereza, ila Murphy yule askari wa Marekani anayesimulia anaongea Kiingereza moja kwa moja. Usitafsiri kila sentensi, hutaweza, utakuwa nyuma muda wote na utawakera wengine. Sema nani anaongea na nani na anataka nini, basi. "Huyu ni mke wake, wamefungiwa hotelini Bogotá na watoto, serikali inawalinda na inawasikiliza." Inatosha. Matusi yaruke yote, hayaongezi kitu.

Kuna sehemu tatu za kuwa makini nazo. Ya kwanza pale Escobar kakaa kwenye benchi na aiskrimu, anapiga story na Gustavo binamu yake. Gustavo alishakufa, alikufa 1990, pale ni mawazo ya Pablo tu, asiyejua atachanganyikiwa akidhani jamaa amefufuka, kwa hiyo mnong'oneze bibi hapo hapo, "huyo ni marehemu, anamuwaza." Usisimamishe, ukisimamisha unaua ile hali.

Ya pili ni simu. Kwenye historia yenyewe alijua kabisa kuongea muda mrefu ni hatari maana polisi walikuwa na mitambo ya kunasa mawimbi, ila alikuwa anaitafuta familia yake. Desemba 1 ametimiza miaka 44, kesho yake Desemba 2, 1993 akaongea na mwanae Juan Pablo kwa muda mrefu kuliko kawaida, na luteni Hugo Martínez, mtoto wa kanali aliyekuwa anaongoza kikosi cha polisi kilichokuwa kinamsaka, akaifuata ile sauti na mtambo wake mtaa wa Los Olivos mpaka akamuona mtu dirishani ana simu. Hapa simamisha kidogo, hii sehemu ndo wazee wanaishika kuliko yote. Bibi yetu mmoja Kibosho hasomi Kiingereza hata neno, ilipofika pale akasogea mbele ya kochi, kashika khanga mdomoni, akasema "mwambieni akate simu," na sebule nzima ikanyamaza. Hakuhitaji mtafsiri hapo.

Ya tatu ni pale juu ya paa la nyumba, anapouawa. Pale usiongee kabisa, na sauti ya sabufa ipunguze maana milio ya risasi ni mingi na wazee inawashtua. Ikiisha ndo ueleze kipi ni kweli. Ni kweli alifia juu ya vigae, yeye na Limón, na ile picha ya Murphy na maiti ilipigwa kweli, Murphy mwenyewe alifika pale baada ya Escobar kuuawa. Peña wa kweli, yule askari mwenzake Murphy, siku hiyo alikuwa Miami. Nani alipiga risasi ya mwisho hapo wanabishana mpaka leo, kwenye epi unaonyeshwa askari anammalizia, familia yake inasema alijipiga mwenyewe. Waambie yote mawili. Na waambie mazishi yake walifurika maelfu, wakati wa wale wa kwenye ndege hakuna anayewavaa kwenye tisheti. Madogo hapo wapeni nafasi waseme wanaonaje, wasikilizeni, msiwakatishe kwa mahubiri, hata kama mtaani kwenu kuna teja mnayemjua wote wala msimtaje, watamtaja wenyewe.

Chakula kiwe cha kushika mkononi au mtori kwenye vikombe, sahani za ugali zinafanya watu waangalie chini.

Kitu kingine, zima ile ya epi inayofuata kujiendesha yenyewe (autoplay), la sivyo ikiisha tu sizoni ya 3 inaanza na watu hawajameza hata hii. Wakitaka kuendelea iwe siku nyingine, na kabla ya kuanza waeleze Los Pepes walikuwa nani, kile kikundi kilichokuwa kinachoma mali za Escobar na kuua watu wake huku Cali wakikipa hela, maana asiyejua hilo hatoelewa kwa nini mwishoni mwa hii epi mjane wa Escobar anaenda kuwapigia magoti wale wale waliommaliza mume wake, wala kwa nini Peña mwishoni kabisa anaulizwa habari za Cali.