Sungura Anaponyonyoka Manyoya: Tazama Ngozi, Kisha Kagua Kizimba

Mfugaji wa Malindi anapoona ngozi ya sungura wake imebaki wazi, mara nyingi hukimbilia duka la agroveti kuulizia sindano ya upele. Upele ni miongoni mwa sababu, lakini si sababu pekee, na dawa inayodungwa kabla chanzo hakijajulikana humtia mwenye sungura gharama na kumwacha mnyama katika hali ile ile. Kabla ya kununua chochote, mshike sungura mahali penye mwanga, yapulize manyoya yafunguke mpaka ngozi ionekane, na utazame yametoka wapi hasa na ngozi ya hapo ikoje. Mahali palipopukutika hueleza chanzo kuliko ukubwa wa sehemu yenyewe.

Kuna kunyonyoka kusikohitaji tiba. Sungura mzima hubadilisha manyoya yake kila baada ya miezi kadhaa, na hata yakitoka kwa mafungu ngozi hubaki safi, haina magamba wala wekundu, na manyoya mapya huonekana yakichipua. Jike mwenye mimba, inayochukua siku 31 hivi, hujinyonyoa tumboni, kifuani na chini ya kidevu anapokaribia kuzaa ili atandike kiota. Mwekee sanduku na nyasi kavu, umwache atulie. Hata jike asiyebeba mimba huweza kujinyonyoa hivyo, kwa kuwa mwili wake hudanganyika ukajiona una mimba kwa siku 16 hadi 18.

Utitiri wa upele, kwa kawaida, huanzia puani, midomoni, kwenye kingo za masikio na vidoleni. Ngozi hufanya magaga meupe au ya kijivu, na sungura hujikuna bila kupumzika mpaka akakonda. Aina nyingine ya utitiri hukaa ndani ya sikio na kulijaza gamba zito la kahawia, na hapo utamwona mnyama akitikisa kichwa au akikiinamisha upande mmoja. Aina ya tatu hupenda shingo na mgongo, ikiacha unga mweupe mfano wa mba ambao ukiutazama kwa makini utauona ukitembea. Choa si kazi ya mdudu bali ya kuvu, nacho huacha mabaka ya mviringo yenye magamba, hasa usoni na miguuni. Kwa kuwa choa na upele huu huweza kumwingia binadamu, na kwa kuwa katika nyumba nyingi za huku wanaowabeba sungura ni watoto, mnyama mwenye dalili hizi atengwe, asikumbatiwe, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo.

Tiba ya utitiri inayotegemewa zaidi ni aivamektini, ila chupa inayouzwa madukani kwa kawaida imetengenezewa ng'ombe na mbuzi na ina miligramu 10 katika kila mililita. Sungura wa kilo 3 huhitaji takriban sehemu ya kumi ya mililita moja, pengine pungufu, chini ya ngozi. Kwa kipimo kidogo kiasi hicho, kosa dogo la mkono ni kosa kubwa kwa mnyama, kwa hiyo nasisitiza kwamba kazi hii ifanywe na daktari wa mifugo au afisa wake. Sindano hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu dawa haiui mayai ya utitiri, na anayeacha kuirudia ataona upele umerejea. Gamba la sikioni lisibanduliwe kwa nguvu, kwani chini yake kuna nyama mbichi. Lilainishe kwa matone ya mafuta ya nazi yaliyo safi, na litaachia lenyewe kadiri dawa inavyofanya kazi.

Vipo vitu vya kuepukwa kabisa. Oili chafu ya gari, ambayo bado wapo wanaoipaka mifugo yenye upele, huunguza ngozi, na sungura huilamba ikaingia tumboni. Dawa za viroboto vya mbwa na paka zenye fipronili huweza kumuua sungura. Amoksilini ya kumeza, hata kama ipo kabatini nyumbani, huharibu bakteria wanaomsaidia sungura kusaga chakula, naye akafa kwa kuhara.

Hata hivyo, katika mwambao wetu naona kizimba kichafu na chenye unyevu kinachangia mno madhara ya ngozi, na hapa ndipo mfugaji ana uwezo mkubwa wa kubadili mambo bila fedha nyingi. Manyoya yakitoka katikati ya miguu ya nyuma na chini ya mkia, na ngozi ikawa nyekundu yenye majimaji, huo ni mkojo uliomchoma kwa kukaa juu ya maji maji. Yakitoka nyayoni pakawa na kidonda, sakafu ni mbaya: waya mwembamba usio na ubao wa kupumzikia, au mbao zilizolowa. Wakati wa masika, Aprili hadi Juni, watu hufunika vizimba pande zote kwa magunia na nailoni ili mvua isiingie, na hewa ya mkojo ikafungiwa ndani ikawachoma sungura macho na mapafu. Ni afadhali paa la makuti lenye ukingo mrefu, ukuta mzima upande wa kusini ambako kusi huvuma, na waya upande wa kaskazini ili hewa ipite. Kizimba kiinuliwe kiasi cha mita moja kutoka ardhini, sakafu iwe na nafasi za sentimita 1 na nusu hivi ili kinyesi kidondoke, na ubao mkavu uwekwe pembeni. Mchanga wa ufuoni usitandikwe ndani, kwa kuwa chumvi yake huvuta unyevu.

Mkia uliogandamana kinyesi laini huelekeza kwenye chakula. Kwa kawaida sungura hula kile kinyesi laini moja kwa moja kutoka mwilini mwake, na ndivyo anavyopata lishe yake kamili, lakini akilishwa ugali, mkate au chakula cha kuku kwa wingi hunenepa, hushindwa kujifikia, na uchafu humganda. Nzi hutaga hapo, na funza huweza kutoka kabla ya siku moja kupita na kuanza kumla angali hai, kwa hiyo nyakati za joto mtazame chini ya mkia asubuhi na jioni. Ukiwaona funza, hiyo ni dharura ya daktari. Sehemu kubwa kabisa ya chakula iwe nyasi, na matembele au mchicha viwe kiasi kidogo. Nyasi zikipungua, au sungura wakisongamana, huanza pia kutafunana manyoya.

Usimwogeshe sungura kwa kumtumbukiza majini. Hushtuka vibaya, na manyoya yake hukawia kukauka. Futa sehemu chafu tu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha mkaushe kabisa.

Siku anayotibiwa, toa kila kitu kizimbani, choma matandiko, sugua mbao kwa sabuni, pitisha maji yenye jiki na uanike juani mpaka pakauke, kwa sababu utitiri huweza kuishi nje ya mwili kwa siku kadhaa, na penye unyevu hata wiki mbili au tatu. Wale waliokuwa naye kizimba kimoja watibiwe siku hiyo hiyo, na sungura mgeni akae peke yake angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Aliyedungwa aivamektini asichinjwe kwa ajili ya kuliwa mpaka muda utakaotajwa na daktari uishe.