Ukicheza tamthilia ya wazi Iringa, anza na jua

Vikundi vya maigizo vya Iringa na Mbeya mnaotaka kuonyesha tamthilia bure uwanjani, msianze na mavazi. Anzeni na jua. Alasiri liko magharibi, kwa hiyo watazamaji waligeuzie mgongo na waigizaji wasimame upande wa mashariki. Nimewahi kukaa kinyume chake, nimekunja kiganja juu ya macho muda wote, na sikuona uso wa mwigizaji hata mmoja.

Nyuma ya waigizaji tafuteni ukuta au mwamba, maana huko Gangilonga, Iringa mjini, mawe hayakosekani. Sauti ikigonga pale inarudi kwa watu. Mkicheza penye uwazi mtupu, upepo unaibeba, na hapo wekeni watazamaji nusu duara, mikeka mbele, viti nyuma.

Juni na Julai baridi yetu haina utani na giza huingia kabla ya saa moja. Anzeni saa tisa na nusu, mpunguze mchezo uishe ndani ya saa moja na nusu. Waambieni watu mapema waje na sweta na blanketi za watoto.

Kwa mchezo wa kwanza ningechagua *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Shakespeare iliyotoka 1969. Onyesho la mahakamani, Shylock mkopeshaji akidai ratili yake ya nyama kutoka mwilini mwa mdeni wake, halihitaji jukwaa wala taa. Meza moja, kisu na mizani ya sokoni vinatosha kabisa.