Kuweka Debian kwenye kompyuta za maabara bila flashi

Chukua maabara ya shule pale Kisumu: kompyuta 25 za mitumba, swichi moja, na rauta ya intaneti ambayo hujapewa ruhusa ya kugusa mipangilio yake. Kuzunguka na flashi mashine kwa mashine ni kazi ya kutwa. Seva moja ya TFTP (njia nyepesi ya kutuma faili kwenye mtandao) inazilisha zote, kwa kuwa mashine zinaweza kuwaka kupitia kebo ya mtandao, mbinu iitwayo PXE.

Tumia dnsmasq, programu moja inayofanya kazi ya TFTP na ya DHCP (ugawaji wa anwani za mtandao). Wapo wanaong'ang'ania tftpd-hpa (seva ya TFTP tu) pamoja na seva ya DHCP ya shirika la ISC, lakini ISC iliacha kuitunza seva hiyo mwishoni mwa 2022, na programu mbili ni mahali pawili pa kukosea.

Hatua ya 1: Seva

Kompyuta yoyote yenye Debian au Ubuntu (mifumo endeshi ya Linux) inatosha. Ipe anwani isiyobadilika (hapa 192.168.1.10) na uichomeke kwa kebo kwenye swichi ileile ya maabara.

Hatua ya 2: Faili

```
sudo apt install dnsmasq
sudo mkdir -p /srv/tftp
wget http://deb.debian.org/debian/dists/stable/main/installer-amd64/current/images/netboot/netboot.tar.gz
sudo tar -xzf netboot.tar.gz -C /srv/tftp
sudo chmod -R a+rX /srv/tftp
```

Ubuntu italalamika kwamba poti 53, ya huduma ya majina (DNS), imeshikwa. Puuza; `port=0` hapa chini inamaliza ugomvi huo.

Hatua ya 3: Mipangilio

Andika haya ndani ya `/etc/dnsmasq.d/pxe.conf`, ukibadilisha `enp3s0` iwe jina la kadi yako (`ip a` italionyesha):

```
port=0
interface=enp3s0
dhcp-range=192.168.1.0,proxy
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp
pxe-service=x86PC,"Debian",pxelinux.0
pxe-service=x86-64_EFI,"Debian",debian-installer/amd64/bootnetx64.efi
log-dhcp
```

Kisha `sudo systemctl restart dnsmasq`.

Usilichezee neno `proxy`. Kwa neno hilo rauta inaendelea kugawa anwani, na dnsmasq inaongeza tu jina la faili ya kuwashia. Ukiweka safu ya anwani badala yake, mtandao mmoja utakuwa na seva mbili za DHCP, na simu ya mwalimu mkuu ndiyo itakayokosa intaneti kwanza.

Hatua ya 4: Fayawoli

Saa nyingi hupotelea hapa. Mtu anajua TFTP ni UDP poti 69, anaifungua hiyo peke yake, halafu mashine inagoma. Zinahitajika tatu:

```
sudo ufw allow 67/udp
sudo ufw allow 69/udp
sudo ufw allow 4011/udp
```

67 hupokea ombi la DHCP. 4011 ndiyo husahaulika: kwa mtindo wa proxy, mashine hurudi kuuliza faili yake kupitia poti hiyo. Ikiwa imefungwa, skrini huandika PXE-E55.

Sasa jaribu ukiwa kwenye laptopu:

```
curl -o /tmp/jaribio tftp://192.168.1.10/pxelinux.0
```

Lakini zima kwanza fayawoli ya laptopu hiyo. Ombi huenda poti 69, ila seva hujibu kutoka poti nyingine kabisa, inayochaguliwa papo hapo. Fayawoli ya laptopu huiona hiyo kama pakiti ya mgeni na kuitupa. Utabaki ukiichokoa seva ambayo haina kosa lolote. Kwa sababu hiyohiyo, usiiweke seva nyuma ya rauta ya pili yenye NAT (inayobadilisha anwani za ndani). Na ukisikiliza pakiti za mtandao kwa tcpdump, chuja kwa `host`, si `port 69`, la sivyo utaona ombi tu bila jibu.

Hatua ya 5: Kuwasha

Ruhusu kuwasha kwa mtandao kwenye BIOS, kisha fuatilia `journalctl -u dnsmasq -f`. Baada ya `sent /srv/tftp/pxelinux.0`, mashine za BIOS ya zamani zitamwaga mistari mingi ya `not found`. Usishtuke: pxelinux (programu ya kuwashia) hutafuta mipangilio kwa UUID (namba ya mashine), kisha MAC (namba ya kadi ya mtandao), kisha vipande vya IP, ndipo ifikie `default`.

Skrini ikiandika PXE-E61: angalia kebo. PXE-E51: hakuna DHCP iliyojibu, kama swichi ni ya kusimamiwa, washa portfast, kwa kuwa STP (kinga ya swichi dhidi ya mizunguko ya mtandao) huishikilia poti kwa sekunde 30 na PXE haina subira hiyo. PXE-E32: TFTP haijibu, rudi hatua ya 4.

Washa mashine tano tano. TFTP hutuma bloku moja, ikangoja jibu, ndipo itume nyingine. Kwa bloku za baiti 512, faili ya MB 40 ni bloku kama 80,000. Stima ikipotea katikati, faili inaanza upya, kwa hiyo seva na swichi zikae kwenye UPS. Mvua za radi za alasiri Kisumu huzijui? Anza asubuhi.

Mwisho ni bando. Kila mashine itapakua vifurushi vilevile kutoka intaneti. Weka `apt-cacher-ng` (huhifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa) kwenye seva, fungua 3142/tcp, na kisakinishi kikiuliza kuhusu proxy ya HTTP, andika `http://192.168.1.10:3142`. Mashine ya kwanza imalize peke yake ndipo uwashe zingine.