Ayasofya: namna ya kuiona kibla ndani ya jengo lisilojengwa kwa kibla

Mtu wa Unguja amezoea ukuta na kibla kwenda pamoja. Ukisimama mbele ya mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria (1107), unatazama karibu kaskazini kamili, maana Makka kutoka kwetu haipindi hata digrii 2. Ayasofya, msikiti wa Istanbul, Uturuki, ni kinyume. Kaisari Justinian aliijenga kati ya 532 na 537 iwe kanisa, na kichwa chake, yaani upande wa madhabahu, kinaelekea kusini-mashariki. Kibla ya pale ni digrii 151 au 152 kutoka kaskazini halisi, kulia zaidi ya upande huo.

Kwa hiyo anzia Dimbani, unapoijua kibla, uijaribu dira ya simu. Izungushe simu kwa umbo la nane, iweke bapa kiganjani, usome dira ukiwa umeielekea mihrabu. Rudia mara tatu mpaka namba zikubaliane.

Ukifika Istanbul, pima nje uwanjani. Ndani kuna taa kubwa zilizoning'inizwa chini kwa minyororo ya chuma, na chuma kinavuta sindano. Jua pia kwamba kule sindano ya sumaku inapotoka na kaskazini halisi takriban digrii 6 upande wa mashariki: dira ya sindano ikionyesha 146, hapo ndipo kibla. Simu iliyowekwa kwenye kaskazini halisi haihitaji kupunguziwa.

Ukishaingia, usikimbilie kuangalia kuba, ingawa ina upana wa mita 31 hivi na inakuita. Tazama zulia kwanza. Mistari ya safu inakata sakafu kimshazari, haikai sambamba na nguzo. Fuata mstari mmoja kwa macho mpaka ukutani, kisha inua uso. Madirisha ya mbele yamepangwa matatu matatu; lile la kati ndilo mhimili wa kanisa, yaani mstari wa katikati yake. Mihrabu haiko chini yake, imesogea kulia. Baada ya Sultan Mehmed wa Pili kuligeuza msikiti mwaka 1453, mawe yalibaki yalipo, ila mihrabu, mimbari na safu vikawekwa kuelekea Makka.

Kosa la wageni wengi ni kujipanga kwa nguzo. Ukifanya hivyo unaangalia kushoto mwa kibla na unaivunja safu ya wenzako. Shika mstari wa zulia.

Chini ni pa kusali. Watalii wa kigeni hupanda ghorofani, na tangu Januari 2024 hulipa yuro 25. Mwanamke awe na mtandio, na kila mtu achukue mfuko wa viatu. Ijumaa mchana si wakati wa kupima chochote.

Ikibaki saa moja, teremka kwa miguu hadi Küçük Ayasofya (Ayasofya Ndogo), msikiti mwingine uliokuwa kanisa, wa Justinian huyohuyo. Ni ndogo, nguzo kubwa 8 zimebeba kuba, na mihrabu yake iliyokaa upande utaiona kwa mtupo mmoja wa jicho ukiwa bado mlangoni.