Namba ya kilomita 21 ukiwa Mombasa: kuanzia fomu hadi pini nne

Mazoezi ya nusu marathoni, yaani kilomita 21, huchukua miezi mitatu. Nafasi ya kuikimbia hupotea kwa dakika tano, na sababu huwa ndogo: herufi moja kwenye jina, saa iliyosomwa vibaya, namba ya akaunti iliyokosewa kwenye Paybill. Anayeishi Nairobi akikosea anaweza kwenda kwa waandaaji kesho yake akatengenezewa. Wa Mombasa hugundua kosa akiwa ameshakata tiketi, au amesimama mbele ya meza ya namba, pale wakimbiaji wanapogawiwa namba za kubandika kifuani, baada ya safari ya usiku kucha. Basi heri makosa hayo yamalizwe nyumbani.

Jua kwanza mbio unazozitaka zinagawa nafasi kwa njia gani. Nairobi Marathon, inayokimbiwa Oktoba tangu mwaka 2003, na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayoangukia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, ni za anayewahi: usajili hufunguliwa, watu hulipa, zikijaa zimejaa. Watu wengi huhofia kilomita 42, lakini zinazogombaniwa ni 21, maana ndizo zinazowaingiza hata wale ambao hawajawahi kukimbia mbali. Lewa, mbio za Juni katika hifadhi ya wanyamapori ya Lewa hapa Kenya, ilianza mwaka 2000 kwa nia ya kuchangisha fedha za uhifadhi, na hukimbiwa ndani ya hifadhi yenyewe, kwa hiyo nafasi zake haziwezi kuwa nyingi. Huko soma masharti ya mchango kabla ya kusoma ada. Great North Run ya Uingereza, kutoka Newcastle hadi South Shields tangu mwaka 1981, hutumia kura. Kuandika jina kwenye kura hakukupi namba, kunakupa bahati tu, kwa hiyo usilipie tiketi ya ndege wala viza kabla ya matokeo.

Kuna mlango mwingine ambao watu wa hapa huupita bila kuubisha: nafasi za makundi. Benki, hoteli na kampuni kubwa hununua namba kwa wingi kwa ajili ya wafanyakazi, na vilabu vya kukimbia husajili watu kwa orodha moja. Uliza ofisini kwako mapema, usajili unapofunguliwa au hata kabla, si wiki mbili kabla ya mbio wakati orodha imeshapelekwa. Ukiingia kwa orodha ya kilabu, omba uione kwa macho yako kabla haijatumwa. Anayeiandaa huwa anajitolea, huandika majina hamsini usiku baada ya kazi, na lako laweza kuwa ndilo lililoandikiwa "10" badala ya "21".

Nafasi za hisani nazo zipo, hasa kwa mbio za ng'ambo. Shirika hukupa namba, nawe unaahidi kuchangisha kiasi fulani. Kabla ya kukubali tafuta sentensi moja tu kwenye mkataba: usipofikisha kiasi hicho, nani anajazia? Wakati mwingine jibu ni wewe.

Jina lako ni lipi?

Hapa ndipo pwani tunapoumia kuliko kwingine. Kitambulisho kinasema Muhammad, M-Pesa inasema Mohamed, barua pepe inasema Mudi. Mwanamke ameolewa, anajulikana kwa jina la mume, lakini pasipoti bado ina jina la babake. Wengi wetu hatuna jina la ukoo kwa maana inayotakiwa na fomu. Tuna jina letu, la baba na la babu, basi.

Kanuni ni moja: andika kama ilivyo kwenye hati utakayoionyesha siku ya kuchukua namba. Kwa mbio za ndani ya Kenya hiyo ni kitambulisho. Kwa Moshi na kwingine nje, ni pasipoti. Fomu ikidai jina la ukoo, tazama pasipoti imeandika nini kwenye nafasi hiyo, ulinakili herufi kwa herufi, hata kama kwenu hakuna anayekuita hivyo. Usiongeze "bin" au "binti" kama haimo. Jina la M-Pesa likitofautiana si tatizo, mradi uhifadhi ujumbe wa malipo.

Siku ya kuzaliwa nayo ina mtego. Tovuti nyingine huanza na mwezi. Aliyezaliwa tarehe 5 Novemba akijaza 05/11 kwenye fomu ya namna hiyo anakuwa mtoto wa Mei, na ile hati inamkataa. Ukiona fomu inakuruhusu kuchagua mwezi kwa jina, shukuru.

Vitu vingine vya kuwa navyo tayari siku chache kabla ya kufunguliwa: namba ya hati, barua pepe unayoifungua kila siku (siyo ya kazini, maana kazi huachwa), jina na simu ya mtu wa kupigiwa ukipata dharura, saizi ya fulana, na muda unaotarajia kumaliza. Simu kwenye fomu za nje huanza na +254 na sifuri ya mbele hutolewa. Muda wa kumaliza uandike wa kweli. Ndio unaoamua utasimama wapi kwenye kuanza, na anayejipa saa moja na nusu ilhali anakimbia saa mbili na nusu hukanyagwa na wenye haraka.

Saa nne au saa kumi?

Tangazo likisema usajili unafunguliwa 10:00, kwetu hiyo ni saa nne asubuhi. Linaonekana jambo la mtoto wa darasa la pili, lakini mtu mwenye mazoea ya saa za Kiswahili husoma "10" akaweka kengele ya saa kumi jioni, na tangazo linaposambazwa kwenye makundi ya WhatsApp mtu hulitafsiri nusu akaliacha nusu. Rudi kwenye tangazo la waandaaji wenyewe.

Kwa mbio za Uingereza ongeza hesabu nyingine. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi tuko mbele yao kwa saa tatu. Miezi mingine, kwa saa mbili. Kwa hiyo 10:00 ya London ni saa saba mchana hapa wakati wa baridi yao, na saa sita wakati wa kiangazi chao.

Fungua akaunti kwenye tovuti siku moja kabla, kama inaruhusu, uthibitishe barua pepe na ujaze unachoweza. Nunua bando hata kama una Wi-Fi. Stima ikikatika Kisauni, modemu huzimika nayo. Tovuti ikilemewa na watu, usibonyeze kitufe cha kurudisha ukurasa kila sekunde, kwa sababu foleni nyingi za mtandaoni hukutoa na kukurudisha nyuma. Na usifungue madirisha manne ukidhani unapata nafasi nne.

Malipo

Kama unalipa kwa M-Pesa, kuna njia mbili na kila moja ina kosa lake.

Ya kwanza ni ile inayokuletea dirisha la PIN kwenye simu. Dirisha hilo lina muda mfupi. Simu ikiwa imefungwa, au mtandao ukisinzia, muda hupita na ukurasa hubaki ukizunguka. Kabla ya kujaribu tena, angalia salio na ujumbe wa M-Pesa. Ikiwa pesa zimetoka, usilipe mara ya pili. Chukua ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi uwatumie waandaaji pamoja na jina na namba ya hati. Ikiwa hazijatoka, jaribu tena mara moja. Wanaolipa mara mbili hungoja kurudishiwa kwa wiki nyingi, na wapo wanaokuta wamesajiliwa mara mbili, jambo ambalo ni gumu kulitatua kuliko kukosa.

Ya pili ni Paybill. Namba ya biashara kila mtu huipatia. Kinachokosewa ni namba ya akaunti: tovuti imekupa msimbo wa usajili, wewe umeandika jina lako, na pesa zimeingia kwenye akaunti ya waandaaji bila mwenyewe. Mfumo haujui ni za nani na nafasi yako hubaki "haijalipiwa" hadi inafutwa. Nakili msimbo, ubandike, usiuandike kwa kichwa. Salio nalo liwe na ziada ya ada ya muamala; kupungukiwa shilingi thelathini saa ya kufunguliwa ni aibu isiyo na sababu.

Kwa tovuti za nje, kadi ya benki ndiyo hutakiwa. Benki nyingi huzuia manunuzi ya mtandaoni ya nje hadi uombe, na huwa wanakataa kimyakimya. Piga simu au ingia kwenye programu ya benki, fungua huduma hiyo, kisha ijaribu kwa kununua kitu kidogo. Msimbo wa uthibitisho hutumwa kwenye laini iliyosajiliwa benki. Kama ni laini uliyoacha kuitumia, ushughulikie hilo kwanza. Asiye na kadi anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022. Tarakimu zake tatu za usalama huisha muda haraka, kwa hiyo ziombe ukiwa umeshafika ukurasa wa malipo. Kwa kura, acha kadi ikiwa hai na yenye pesa hadi matokeo yatoke, kwa kuwa mara nyingi mshindi hukatwa bila kuulizwa tena.

Kilimanjaro ina ada tofauti kwa Watanzania, kwa watu wa Afrika Mashariki na nchi jirani, na kwa wageni wa mbali. Mkenya achague ile ya katikati. Akichagua ya Watanzania kwa sababu ni nafuu, meza ya namba itamwomba hati na yataanza maelezo.

Ukishalipa, subiri barua pepe ya uthibitisho. Isipofika siku hiyo, tazama kwenye takataka za barua pepe, kisha waandikie. Piga picha ya skrini ya ukurasa wa mwisho na uihifadhi mahali pengine mbali na simu hiyo.

Zikijaa

Usikate tamaa siku ya kwanza, na usinunue namba kwenye WhatsApp siku ya pili. Baadhi ya mbio huwa na orodha ya kungoja, na baadhi huruhusu mwenye namba kumwachia mtu mwingine kupitia tovuti kabla ya tarehe fulani. Hilo ni halali, kwa sababu jina hubadilishwa kwenye mfumo. Kununua namba ya mtu ukakimbia kwa jina lake ni jambo jingine kabisa. Ukianguka njiani, wahudumu watampigia simu mama wa mtu mwingine. Ukimaliza, matokeo si yako, na ukikamatwa nyote wawili mnafutwa. Zaidi ya hayo, picha moja ya namba inaweza kuuzwa kwa watu watano.

Safari ya kuifuata namba

Namba haiji Mombasa kwa kawaida. Wewe ndiye unayeifuata, kabla ya siku ya mbio. Usitegemee meza kuwa wazi asubuhi ya kukimbia. Kwa Nairobi, kata tiketi ya treni kwa *639# mara tu tarehe zinapotangazwa, kwa kuwa mwisho wa wiki wa mbio kila mkimbiaji wa pwani anataka treni ileile. Safiri Ijumaa ikiwa mbio ni Jumapili. Kutoka Syokimau hadi mjini ni safari nyingine, na meza hufungwa. Kama rafiki aliyeko Nairobi atakuchukulia, soma kwanza kama inaruhusiwa. Ikiruhusiwa, mpe barua yenye sahihi yako, nakala ya kitambulisho chako na barua pepe ya uthibitisho, na yeye aende na kitambulisho chake.

Moshi iko karibu kuliko watu wanavyodhani: Mombasa hadi Voi, kisha Taveta, mpaka wa Holili, halafu mjini, takribani kilomita mia tatu kwa jumla na barabara ya lami. Mpakani ni kituo kimoja cha pamoja kwa nchi zote mbili. Beba pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kutoka uhamiaji. Kitambulisho pekee usikitegemee kuingia Tanzania. Cheti cha homa ya manjano huanza kuhesabika siku kumi baada ya chanjo, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari ni kuchelewa. Fika Moshi Ijumaa, chukua namba kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na Jumamosi ulale. Njia ya kilomita 21 hupanda kuelekea Mweka, na mtu aliyezoea Mama Ngina Drive atahitaji miguu hiyo.

Anayefunga aangalie pia kalenda ya Hijria kabla ya kulipa. Ramadhani ya 2026 na ya 2027 zote zinagusa Februari, na ada hizi kwa kawaida hazirudishwi.

Ukipewa bahasha, usiondoke mezani kabla ya kuifungua. Linganisha jina, namba na umbali. 21 na 10 hutofautishwa kwa rangi tu katika mbio nyingi. Hakikisha chipu ya kupimia muda imo, iwe imebandikwa nyuma ya namba au iko kwenye mkanda wa kiatu. Kama imebandikwa nyuma, namba isikunjwe. Nyuma jaza kwa kalamu ya wino jina, dawa unazotumia na simu ya mtu wako, kisha hesabu pini: zitakiwazo ni nne, na bahasha mara nyingine huwa na tatu.